Pikapu ya timu: kanopi na keria ni za mizigo, si za watoto

Ni Ijumaa jioni mwezi wa Julai. Umefunga kazi Nairobi, ukapitia Thika na Makutano, na sasa pikapu yako imeegeshwa uani kwa wazazi, karibu na Kianjokoma. Ukungu umeteremka kutoka Mlima Kenya na majani ya chai yanadondosha maji. Kabla hujamaliza kikombe cha kwanza cha chai, mwalimu wa michezo wa shule uliyosoma anabisha hodi.

"Karibu, mwalimu."

"Asante, mzee. Nimeona gari nikasema leo Mungu ametukumbuka. Kesho tuna voliboli kule chini Embu na hatuna usafiri."

"Watoto ni wangapi?"

"Ni 14 tu. Uwanja wenyewe hauna nguzo, kwa hivyo tunabeba zetu, pamoja na wavu na mipira. Wataenea. Mvua ikinyesha tutawafunika na turubai."

Maombi kama haya ni ya kawaida kwa mtu yeyote wa mjini mwenye pikapu ambaye hakusahau kwao. Ni vigumu kuyakataa. Watoto wamefanya mazoezi muhula mzima, shule haina basi, na wewe mwenyewe ulipokuwa mwanafunzi ulibebwa hivyo hivyo na mtu fulani ambaye hadi leo unamkumbuka kwa wema wake.

Hata hivyo, mwalimu amesema jambo moja ambalo kila mwenye pikapu anapaswa kulisikia kwa makini. Amesema atawafunika watoto na turubai. Wengi wetu tunajua hatari ya mtoto kurushwa nje ya gari. Wachache wanajua kwamba mtoto anaweza kudhurika vibaya nyuma ya pikapu bila gari kugonga kitu, bila breki kufeli, na bila dereva kufanya kosa lolote barabarani. Anachohitaji ni moshi na kifuniko.

Ndiyo maana suala la kuchagua kanopi, turubai na keria, ambalo wengi huliacha mikononi mwa fundi, ni suala la afya. Kifuniko kizuri huhifadhi vifaa vya michezo. Keria nzuri huwezesha mlango wa nyuma kufungwa. Lakini hakuna kifuniko hata kimoja kinachoigeuza sehemu ya mizigo kuwa mahali pa kukaa watu.

Gesi isiyoonekana

Moshi unaotoka kwenye bomba la gari, au ekzosi kama mafundi wanavyoliita, una gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu na haiwashi macho wala koo. Harufu tunayoisikia kwenye moshi hutokana na vitu vingine. Kwa hivyo mtu anaweza kuivuta kwa muda mrefu bila kujua.

Ubaya wake uko katika damu. Chembe nyekundu za damu hubeba oksijeni kwa kutumia kitu kiitwacho himoglobini. Kaboni monoksaidi hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara zaidi ya 200. Ikishika nafasi hiyo haiondoki upesi. Damu inaendelea kuzunguka lakini haifikishi oksijeni ya kutosha kwenye ubongo na moyo.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu na usingizi. Tazama orodha hiyo tena. Ni nani ambaye hajawahi kumwona mtoto akiwa na dalili kama hizo baada ya safari ya gari? Husemwa kwamba gari limemlevya, au ana njaa, au malaria inamnyemelea. Wachezaji wanaporudi nyumbani jioni, wamechoka na wameloa jasho, hakuna anayeshangaa kuwaona wamelala. Hapo ndipo hatari ilipo, kwani usingizi wa uchovu na usingizi wa sumu hufanana.

Watoto huathirika haraka zaidi kuliko watu wazima kwa sababu hupumua kwa kasi zaidi kulingana na uzito wao. Mtu anayehema baada ya mchezo naye huvuta hewa nyingi zaidi, na pamoja nayo sumu nyingi zaidi. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye upungufu wa damu na mama mjamzito pia wako katika hatari kubwa, na mimba yenyewe inaweza kudhurika.

Mwaka wa 1992 wataalamu 2 wa Seattle, Marekani, Neil Hampson na Diane Norkool, walichapisha katika jarida la madaktari la JAMA habari za watoto na vijana 20 waliotibiwa kati ya 1986 na 1991 kwa sumu hii. Wote walikuwa wamebebwa nyuma ya pikapu. Kati yao, 17 walikuwa chini ya kanopi ngumu iliyofungwa, na 3 walikuwa chini ya turubai. Watoto 15 walipoteza fahamu. Mmoja alifariki, na mwingine akabaki na madhara ya kudumu ya ubongo. Katika kila kisa, ama ekzosi ilikuwa na tundu ambalo tayari lilikuwa linajulikana, au bomba lilitokea nyuma ya gari badala ya ubavuni.

Pikapu zenye bomba linalotokea nyuma, na zenye ekzosi iliyotoboka ambayo mwenyewe amesema ataishughulikia mwisho wa mwezi, si za Marekani peke yake. Tunazo hapa petu.

Kwa nini moshi hurudi ndani

Wengi hudhani kwamba moshi ukishatoka nyuma ya gari unabaki nyuma, kwani gari linakwenda mbele. Sivyo. Gari linapokwenda huacha nyuma yake nafasi ambayo hewa yake ni pungufu. Hewa ya pembeni hukimbilia kuijaza, ikijiviringisha na kurudi mbele. Umeliona jambo hili katika barabara ya vumbi: pikapu inakwenda mbele, lakini vumbi huingia nyuma na kuwapaka walioketi humo. Njia inayopitwa na vumbi ndiyo hiyo hiyo inayopitwa na moshi.

Ukiweka kanopi na kuacha dirisha lake la nyuma wazi ili watoto wapate hewa, umefungua mlango wa moshi kuingia, na kanopi inauzuia kutoka. Ukiwafunika na turubai, hali ni hiyo hiyo. Ukifunga kila upande, moshi unaopenya kutoka chini kupitia matundu ya bodi hubaki humo humo. Kufungua vidirisha vya mbele vya kanopi hupunguza tatizo, lakini hakuliondoi.

Sasa fikiria safari ya jioni kutoka mjini Embu kurudi Kianjokoma. Barabara inapanda kuelekea mlimani. Gari limejaa, dereva ameweka gia ndogo, injini inafanya kazi kubwa na mwendo ni wa pole. Nje kuna manyunyu na baridi, kwa hivyo kila mtu anataka turubai livutwe vizuri na lifungwe. Yaani baridi ile ile inayotufanya tuwahurumie watoto ndiyo inayotufanya tuwafungie pamoja na moshi.

Wengine watasema kuwa gari lao ni la dizeli. Ni kweli kwamba injini ya dizeli hutoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko ya petroli. Lakini moshi wake una madhara yake. Mwaka wa 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Huo si moshi wa kumfunikia mtoto.

Kuchagua kifuniko

Baada ya kukubaliana kwamba kifuniko ni cha mizigo, swali linalofuata ni kifuniko gani kinafaa. Aina zinazopatikana kwetu ni 4.

Ya kwanza ni turubai juu ya fremu ya vyuma. Ni ya bei nafuu, fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuunda fremu yake, na huondolewa upesi mzigo mrefu unapotokea. Huwafaa wenye mifuko mikubwa ya mipira, koni za mazoezi, na jezi. Kasoro yake ni kwamba turubai likilegea hupigwa na upepo, likachanika au kumfunika mwenye pikipiki anayepita. Chagua zito, lenye matundu yaliyoimarishwa kwa pete za chuma, na lifungwe kila baada ya hatua fupi, si kwenye pembe 4 tu.

Ya pili ni kifuniko laini cha kukunja, kinacholala sambamba na kingo za bodi. Huzuia mvua na macho ya wezi, na dereva anaona vizuri kupitia kioo cha nyuma. Hata hivyo, mfuko uliojaa mipira hautaenea chini yake. Huwafaa wenye vifaa vifupi kama vile viatu, nyavu, raketi na visahani.

Ya tatu ni kifuniko kigumu kinachofungwa kwa ufunguo. Huyu ni mlinzi mzuri ikiwa gari hulala nje mjini. Lakini ni kizito na ni kazi kukitoa. Pia kina hatari yake: mtoto anayecheza kujificha anaweza kuingia chini yake kikajifunga. Kabla ya kukifunga, tazama ndani, na ufunguo usiachwe ovyo.

Ya nne ni kanopi ya faibaglasi au ya bati, yenye madirisha. Hii ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi na ndiyo inayowavutia wengi, kwa sababu inafanana na chumba. Na kwa kuwa inafanana na chumba, ndiyo inayowashawishi watu kuweka mabenchi na kupakia abiria. Ukiinunua, kataa benchi. Fundi akikuuliza kama akuwekee viti vya kukunja, mwambie akuwekee pete za kufungia mizigo badala yake.

Kwa aina zote hizi, kuna mambo ambayo lazima yaangaliwe. Kifuniko kisizibe taa za breki, taa za kuonyesha unapokata kona, wala nambari ya gari. Kisimzuie dereva kuona nyuma. Kikimzuia, vioo vya pembeni viwe vikubwa na vizima. Mwisho, raba inayozunguka mlango wa nyuma iwe imekaza, na matundu yaliyotobolewa na kutu kwenye bodi yazibwe.

Keria na vifaa virefu

Hapa ndipo wengi hukosea bila kujua. Nguzo ya voliboli ina urefu wa mita 2.55. Mkuki wa wanaume una mita 2.6 hadi 2.7. Bodi ya pikapu yenye safu moja ya viti ina urefu wa mita 2 na ushei, na ile ya pikapu yenye safu 2 za viti ni kama mita 1 na nusu. Kwa hivyo nguzo haiingii. Tunafanya nini? Tunashusha mlango wa nyuma, tunaacha nguzo zichomoze, na tunaondoka.

Mlango ulioshushwa ni kosa mara 2. Kwanza, mizigo midogo sasa haina kizuizi. Pili, ikiwa gari lina kanopi, tumefungua lango kubwa la moshi. Iwapo kidirisha kilicho kati ya kabini na sehemu ya mizigo kiko wazi, moshi huo hufika hadi kwa dereva na waliokaa naye. Hata wenye magari madogo ya mizigo kama Probox wanaofunga mlango wa nyuma nusu kwa kamba ili wabebe kitu kirefu wamo katika hatari hii. Ukilazimika kwenda hivyo kwa mwendo mfupi, funga kidirisha cha kati, fungua madirisha ya mbele, na washa feni ivute hewa safi kutoka nje.

Dawa ya kweli ni keria. Keria iliyojengwa juu ya bodi, ikiwa na nguzo za mbele na za nyuma, hubeba vitu virefu juu na kuuacha mlango wa nyuma ufungwe. Ukimpelekea kazi hii fundi wa jua kali, mwagize mambo yafuatayo.

Keria ishikwe kwa bolti zinazopita kwenye sehemu imara za bodi zikiwa na bamba la chuma upande wa chini, si kuchomelewa kwenye bati jembamba. Maungio yawe laini yasiyo na ncha. Miisho ya mabomba yazibwe, kwani bomba lililo wazi kwenye urefu wa kichwa cha mtu ni kisu. Pawe na angalau sehemu 4 za kufungia kamba kila upande. Na vyuma vya kulalia nguzo vivishwe mpira ili mzigo usiteleze.

Usipakie mzigo mzito juu. Kadiri uzito unavyopanda ndivyo gari linavyokuwa jepesi kupinduka kwenye kona, na barabara za miteremko ya Mlima Kenya si maskini wa kona. Kanuni ni rahisi: kirefu na chepesi juu, kizito chini. Kabla ya kuweka kitu juu ya paa la kanopi ya faibaglasi, muulize muuzaji inabeba kilo ngapi gari likiwa katika mwendo. Kanopi nyingine zimetengenezwa kuzuia mvua tu. Uzito wa keria na wa kanopi yenyewe pia huhesabiwa katika mzigo ambao gari limeruhusiwa kubeba.

Baiskeli zisimame kwenye keria yenye mfereji wa magurudumu, zikifungwa kwenye fremu na kwenye magurudumu yote 2. Ama goli la kandanda, ambalo upana wake ni mita 7.32, si mzigo wa pikapu. Hiyo ni kazi ya lori, au mafundi walijenge pale pale uwanjani.

Tufe lisilofungwa

Tufe la wanaume lina uzito wa kilo 7.26, na la wanawake kilo 4. Pikapu inayokwenda kilomita 60 kwa saa ikigonga kitu na kusimama ghafla, tufe lililowekwa tu sakafuni linaendelea na mwendo ule ule wa 60. Nguvu yake ni sawa na ya tufe lililoangushwa kutoka kimo cha mita 14, yaani juu ya jengo la ghorofa 4 hivi. Ndiyo sababu vifaa na watu havipaswi kusafiri pamoja hata kama pangekuwa hakuna moshi kabisa.

Weka vitu vizito sakafuni, vikiegemea ukuta wa kabini, ndani ya sanduku lenye kifuniko. Mikuki ifungwe pamoja, ncha zikivishwa mpira au kitambaa kinene. Viunzi vya kurukia vilazwe, visisimamishwe. Tumia mikanda mipana yenye kikazio cha chuma. Vipande vya mpira vilivyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu hufaa kushikilia turubai, lakini havifai kushikilia chuma, kwani mpira hunyooka. Kamba ya katani nayo hubadilika ikilowa na kukauka, na fundo likalegea njiani.

Ukimaliza kufunga, sukuma mzigo kwa mikono yako 2. Ukicheza kwa mkono, utacheza barabarani. Simama tena baada ya kilomita chache ukague, kwani mizigo hujipanga upya gari linapoanza kutikisika. Kinachochomoza nyuma kifungwe kitambaa chekundu, na usiku kiwekewe taa nyekundu.

Pikapu ilibeba nini jana?

Pikapu za Embu hazikununuliwa kwa ajili ya michezo. Jana yake zilibeba mbolea, maziwa, muguka, mbuzi, au mitungi ya dawa za kunyunyizia kahawa na nyanya. Leo zinabeba jezi, taulo na chupa za maji ya kunywa.

Dawa za wadudu hupenya kupitia ngozi, na kitambaa kilicholowa huzifyonza vizuri. Kwa hivyo osha bodi kwa maji na sabuni na uiache ikauke kabla ya kupakia vifaa. Afadhali zaidi, tenga sanduku la plastiki lenye kifuniko kwa ajili ya nguo na taulo peke yake. Maji na chakula visafiri kabini. Dawa ya shamba isiwekwe kamwe chini ya kifuniko kimoja na vifaa vya michezo.

Mkirudi, msiache jezi na viatu vilivyoloa vikifungiwa chini ya kanopi hadi Jumatatu. Unyevu na joto ndivyo ukungu unavyopenda. Fangasi wa vidoleni na mashilingi huambukizwa kwa kuvaliana nguo na viatu visivyokauka. Fungua kila kitu, kianikwe.

Ekzosi kwanza

Kabla ya kutumia pesa kununua kanopi, tumia kidogo kukagua ekzosi. Mwambie fundi alitazame bomba zima kuanzia kwenye injini hadi mwisho, maungio yote, na vishikizo vyake. Mlio uliobadilika na kuwa mzito, au harufu ya moshi ndani ya kabini, ni dalili ya tundu. Kiraka cha muda hakitoshi ikiwa bomba limeliwa na kutu.

Pia usiruhusu mtu akutoe kile kichungi cha kusafisha moshi kwa ahadi kwamba gari litapata nguvu. Kichungi hicho ndicho kinachopunguza sehemu kubwa ya kaboni monoksaidi katika magari ya petroli. Na gari lisiachwe likinguruma kwenye gereji iliyofungwa, hata kwa dakika chache za kupasha injini moto.

Wachezaji wapande nini?

Mwezi wa Februari 2004, wakati wa waziri wa uchukuzi John Michuki, Kenya ilianza kutekeleza kanuni zilizodai kila abiria wa matatu awe na kiti chake na mkanda wake. Watu walilalamika, kisha wakazoea. Nyuma ya pikapu hakuna kiti wala mkanda. Hatuwezi kudai mkanda kwa mtu mzima anayekwenda sokoni, halafu tukamnyima mtoto anayekwenda uwanjani.

Tunajua kikwazo ni pesa. Lakini mara nyingi njia ipo. Pikapu ibebe vifaa, na wachezaji wakodishiwe matatu moja. Wewe uliyeombwa gari unaweza kuongeza mchango wako hapo badala ya kutoa nafasi nyuma. Shule 2 zinazokwenda mashindano yale yale zinaweza kukodi basi la shule ya tatu kwa pamoja. Wazazi wakiambiwa mapema, mwanzoni mwa muhula na si usiku wa kuamkia mechi, huchanga kidogo kidogo. Na ikiwa pikapu yako ina safu 2 za viti, wabebe kabini wale ambao viti na mikanda inawatosha, kisha rudi kuchukua wengine. Safari 2 za salama ni bora kuliko moja ya kubahatisha.

Mtu akilegea

Ikitokea umemkuta mtu nyuma ya gari lililofunikwa ana kichwa kinachouma, anatapika, ameduwaa au hawezi kuamka, usingoje kuona kama atapata nafuu. Simamisha gari, zima injini, na umtoe nje kwenye hewa safi pamoja na wote waliokuwa naye, hata wasiolalamika. Ikiwa hana fahamu lakini anapumua, mlaze ubavu na usimnyweshe chochote, hata maziwa. Ikiwa hapumui, anayejua kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua aanze mara moja, huku mwingine akitafuta msaada.

Mpeleke kwenye kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Embu, akiwa amekaa ndani ya kabini madirisha yakiwa wazi. Tiba yake ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, mwili huchukua saa 4 hadi 5 hivi kupunguza nusu ya sumu hiyo katika damu. Kwa oksijeni safi muda huo hushuka hadi saa 1 au 1 na nusu.

Jambo moja ni muhimu kuliko yote: mwambie daktari kwamba mgonjwa alikuwa chini ya kanopi au turubai nyuma ya gari. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hudanganyika na gesi hii, na kinaweza kuonyesha kuwa mambo ni sawa wakati mgonjwa yuko hatarini. Neno lako ndilo litakalomwelekeza daktari kufanya kipimo cha damu kinachofaa.

Jibu kwa mwalimu

Turudi basi uani, kwa mwalimu wa michezo anayengoja jibu. Wahenga walisema ajali haina kinga, lakini hii ina kinga. Mpe jibu ambalo halimwangushi yeye wala watoto.

"Mwalimu, gari mtapata. Nguzo zitakaa juu ya keria, wavu na mipira chini ya turubai. Wewe na wachezaji 2 mtakaa na mimi mbele. Hao 12 waliobaki tupigie matatu simu sasa hivi, nauli tugawane."

Huenda akakuona una maringo ya mjini. Mweleze basi habari za ile gesi isiyo na harufu, polepole, mkinywa chai. Yeye ndiye atakayeombewa gari na mtu mwingine wiki ijayo, na wiki itakayofuata, wewe ukiwa umesharudi Nairobi.